Maswali na Majibu: Shukrani baada ya kumpata mkuu mpya wa chuo

Barua kadhaa zilizotufikia zinauliza jambo linalokaribiana: kazi ya kumtafuta mkuu wa chuo imekwisha, sasa tunawashukuruje waliotusaidia bila kuharibu kitu? Maswali hayo tumewapa watu wa ofisi za mabaraza ya vyuo na wa utumishi, na majibu ni yao. Maswali tumeyafupisha. Majina ya waulizaji na ya vyuo vyao tumeyaondoa.

Shikamoni wahariri. Mimi ni katibu wa bodi ya chuo cha afya kinachomilikiwa na dayosisi. Bodi imepitisha jina la mkuu mpya juzi Alhamisi. Mwenyekiti wangu anataka barua za shukrani zitoke kesho asubuhi, kwa kamati na kwa kila aliyesaidia. Nafsi yangu inasita. Je, nina sababu? – Katibu, Iringa

Marahaba. Sababu unayo, na ni nzito. Kura ya bodi peke yake haijampa mtu ofisi. Kwenu bado yamebaki mambo mawili: mwenye chuo, yaani dayosisi, kuthibitisha kama katiba ya chuo inavyoelekeza, na mteule mwenyewe kusaini barua ya uteuzi na masharti yake. Barua za shukrani zikitoka kabla ya hapo, kila moja inakuwa tangazo. Ukipeleka ishirini, umetangaza mara ishirini jambo ambalo bado linaweza kuvunjika.

Na huvunjika hata kwa wakubwa. Tarehe 27 Mei 2025, bodi ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, ilimpitisha Santa Ono kwa kura zote awe rais wa chuo hicho. Alikwisha kutangaza kwamba anaacha urais wa Chuo Kikuu cha Michigan. Tarehe 3 Juni, bodi kuu inayosimamia vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, ambayo ndiyo yenye neno la mwisho, ikamkataa kwa kura 10 dhidi ya 6. Fikiria ofisi yako ikiwa na rundo la barua zilizokwisha kupelekwa zinazosema "tunakushukuru kwa kutupatia kiongozi mpya".

Fuata mpangilio huu. Kwanza upatikane uthibitisho wa maandishi wa mwenye chuo. Kisha saini ya mteule. Msiridhike na "nimekubali" ya kwenye simu, kwa sababu mshahara, nyumba, usafirishaji wa familia na tarehe ya kuripoti ndivyo vinavyokwamisha mwishoni. Saini ikipatikana, mwenyekiti awapigie simu waliofika usaili wa mwisho wakakosa, wasije wakasikia redioni. Wanakamati wajulishwe saa moja au mbili kabla ya tangazo. Ukiwapa siku nzima, habari itatoka, tena bila mtu kukusudia ubaya. Baada yao wafuate wafanyakazi na wanafunzi, halafu vyombo vya habari. Barua za shukrani zianze kutoka siku inayofuata tangazo, na ya mwisho iwe imefika ndani ya siku 10 za kazi. Zikichelewa zaidi ya hapo, mpokeaji huzisoma kama mtu aliyekumbukwa wakati wa kufunga faili.

Kwa mwenyekiti wako kuna njia ya kati: kesho ziandikwe zote, majina na vyeo vihakikiwe, zikae kwenye faili la siri bila tarehe na bila saini. Hapo atakuwa amefanya haraka bila kuharakisha.

Habari zenu. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati ya kumtafuta rais, yaani mkuu, wa chuo cha jamii (community college) huku Minnesota, Marekani. Nimeombwa niandae orodha ya wa kushukuriwa. Nimeandika wanakamati 14 na kampuni ya washauri, nikakwama. Nani huwa anasahaulika? – Mama wa Minneapolis

Usiianzie kichwani, ianzie kwenye makaratasi. Chukua mihtasari ya vikao, kalenda ya vyumba vilivyotumika, ankara za hoteli na za chakula, na orodha ya watu waliopewa nywila ya kufungulia nyaraka za siri. Hiyo ya mwisho ndiyo hutoa majina ambayo hakuna aliyeyakumbuka. Usishangae orodha yako ikifika mara tatu ya idadi ya wanakamati.

Wanaosahaulika ni hawa: katibu muhtasi aliyepanga ratiba mara nne kwa sababu wajumbe hawapatani siku, fundi wa kompyuta aliyefungua na kufunga ruhusa za kusoma maombi, waliowapokea wageni uwanja wa ndege, wapishi na wasafishaji siku za wagombea kutembelea chuo, wakalimani, wa lugha ya alama wakiwemo, walimu waliobeba vipindi vya wenzao waliokuwa kwenye kamati, wakuu wa idara waliowaachia watu wao muda. Halafu kuna waliokuja kwenye mikutano ya maoni mwanzoni kabisa, kabla hata tangazo la kazi halijaandikwa. Hao huwezi kuwaandikia mmoja mmoja. Washukuru ndani ya tangazo lenyewe, na utaje walichochangia: "mlisema mnataka mtu anayejua wanafunzi wanaofanya kazi usiku, na sharti hilo liliingia kwenye sifa za nafasi." Mtu aliyetoa maoni anataka kujua yaliishia wapi.

Kamati za ushauri nazo hudhaniwa kuwa zimeshashukuriwa pamoja na kamati kuu. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilipomtafuta rais mwaka 2022, kamati kuu ya watu 15 ilisaidiwa na kamati tatu za ushauri: ya wahadhiri, ya wanafunzi na ya wafanyakazi. Kama kwenu kulikuwa na muundo wa namna hiyo, kila kamati iandikiwe barua zake, zisichanganywe.

Mambo mawili ya huko kwenu. Kwa sheria ya Minnesota, majina ya waombaji wa kazi za umma ni siri, ila waliofika hatua ya mwisho majina yao huwa ya umma. Hivyo dereva na hoteli iliyotumika kwa usaili wa awali, ambao mara nyingi hufanyika karibu na uwanja wa ndege, washukuriwe kwa huduma tu, bila neno lolote juu ya wageni waliowahudumia. Wengi wa wageni hao hawakufika mwisho, na waajiri wao hawajui kwamba waliomba kazi. La pili ni saini. Vyuo vya jamii vya umma vya jimbo lenu viko chini ya mfumo wa Minnesota State, na rais huteuliwa na bodi ya mfumo mzima kwa mapendekezo ya chansela wake, yaani mkuu wa mfumo huo. Barua za wanakamati zikitoka kwa chansela zina uzito kuliko za ofisi ya utumishi ya chuoni. Omba mapema, ofisi kubwa zina foleni.

Washauri waliolipwa ada wapewe barua fupi ya mistari mitatu. Wataitumia kutafuta kazi nyingine, kwa hiyo andika tu kile ambacho bodi ingekubali kukisoma kwenye tangazo la biashara.

Tuandikieni mfano wa barua. Nilizoziona mtandaoni zinasema "asante kwa mchango wako mkubwa" na hakuna kingine. – Afisa Utumishi, Dodoma

Huu hapa, kwa mtindo wa barua za ofisi zetu:

*Kumb. Na. ………                Tarehe ………*

*Ndugu (au Dkt., Prof., Mch., Sheikh) ………,*

*YAH: SHUKRANI KWA KUSHIRIKI KATIKA KAMATI YA UTAFUTAJI WA MKUU WA CHUO*

*1. Husika na somo tajwa hapo juu.*

*2. Kwa niaba ya Bodi, nakushukuru kwa kuhudumu katika Kamati kuanzia mwezi ……… hadi ………. Katika kipindi hicho Kamati ilikaa vikao ………, na wewe ulibeba kazi ya ……… (mfano: kuandaa maswali ya usaili na jedwali la alama). Kazi hiyo uliifanya sambamba na majukumu yako ya kawaida.*

*3. Mapendekezo ya Kamati yaliiwezesha Bodi kufanya uamuzi wake tarehe ………. Mkuu mpya wa Chuo ataripoti tarehe ……….*

*4. Naomba kukumbusha kuwa usiri wa majina, alama na mijadala ya Kamati unaendelea baada ya Kamati kuvunjwa. Nyaraka ulizobaki nazo zirejeshwe masjala kabla ya tarehe ……….*

*5. Nakala ya barua hii imewekwa katika faili lako binafsi.*

*Nakutakia kazi njema.*

*(Saini, jina)*
*Mwenyekiti wa Bodi*

*Nakala: Mkuu wa Idara yako, Ofisi ya Utumishi*

Moyo wa barua hii ni aya ya 2. Wanakamati ni watu wa chuo kimoja na barua wataonyeshana. Wakikuta wote, tuseme 12, wameandikiwa sentensi ileile, barua imekufa. Kwa kila mmoja tafuta kazi moja aliyoibeba: aliyehakiki vyeti, aliyesoma maombi wikendi nzima kwa sababu mwenzake alikuwa msibani, aliyetetea sharti fulani la sifa mpaka likabaki. Hilo la mwisho litaje ikiwa tu halifunui mjadala wa siri. Kwa barua 12 itakuchukua kama saa tatu za kupekua mihtasari, na ndizo saa zenye faida kuliko zote katika zoezi hili.

Aya ya 3 imeandikwa kwa kupimwa. Kamati hupendekeza, mwenye mamlaka ya uteuzi huamua. Kwenye vyuo vikuu vyetu mamlaka hayo yamo kwenye hati idhini (charter) ya kila chuo chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005. Kwenye chuo cha dini au cha kampuni, yamo kwenye katiba ya chuo. Ukiandika "asante kwa kumchagua", aliyekosa akikata rufaa atakuja na barua hiyo mkononi kuonyesha kwamba uamuzi ulifanywa na wasio na mamlaka. Vivyo hivyo na "kwa kauli moja": usiiandike kama muhtasari hausemi hivyo. Aliyepinga kwenye kikao ataisoma na kujua kwamba ofisi imeandika uongo, na pengine atawaambia wengine.

Idadi ya waombaji nayo ina mtego wake. Harvard waliweza kusema hadharani kwamba walipokea mapendekezo zaidi ya 600, kwa sababu katika 600 mtu hapatikani. Chuo chenye waombaji tisa, wanne wakiwa wa ndani, kikitaja hesabu hiyo kimewapa watu kitendawili chepesi cha mchana.

Kuna wanaoona aya ya 4 ni ukali kwenye barua ya shukrani. Tunashauri ibaki. Ni mahali pa mwisho ambapo bodi inazungumza na wanakamati kama wanakamati, na msomaji hukubali agizo kwa urahisi zaidi likija nyuma ya shukrani ya kweli.

Hamjambo. Chuo chetu cha kibinafsi kimempata naibu chansela mpya, yaani mkuu mtendaji wa chuo. Walioitwa kwenye mahojiano ya mwisho walikuwa wanne. Je, wale watatu waliokosa ni wa kushukuriwa, au kuwaandikia ni kutonesha kidonda? – Mwanachama wa baraza, Nairobi

Ni wa kushukuriwa, tena mbele ya wote. Mtu aliyefika nne bora ameandika mpango wake wa chuo, amesafiri, amekaa mbele ya jopo, na pengine ameomba ruhusa ya uongo kazini kwake. Mwenyekiti ampigie simu mwenyewe, dakika tano zinatosha, siku ileile saini inapopatikana. Barua ifuate kesho yake.

Kwenye simu kuna mambo matatu ya kutosema. La kwanza ni "ulikuwa wa pili", maana kesho atajitangaza hivyo, au mkuu mpya akiondoka mapema atadai nafasi. La pili ni sababu ya kukosa: akiuliza, mwambie baraza limeona sifa za mwingine zinalingana zaidi na mahitaji ya sasa, uishie hapo. La tatu ni jina la aliyepata, kama tangazo bado. Barua nayo isizidi aya mbili, na isimwahidi kuitwa tena.

Ajali ya kawaida ni ya barua pepe: afisa anaandika barua moja, anaweka anwani zote tatu kwenye sehemu inayoonekana na kila mpokeaji, anabonyeza. Kwa sekunde moja washindani wamejuana. Haifutiki, na kwa Kenya, yenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ni uvunjaji wa faragha ambao mnaweza kuulizwa rasmi. Peleka moja moja. Na uisome anwani kabla ya kutuma, kwa sababu kompyuta hujaza yenyewe jina linalofanana na lile ulilokusudia.

Walioishia hatua za awali walipaswa kujulishwa siku walipoondolewa, wasisubiri tangazo. Kama hamkufanya hivyo, fanyeni leo, na muwaombe radhi kwa kuchelewa katika sentensi moja.

Kaimu mkuu wetu aliomba nafasi na hakupata. Ameshikilia chuo kwa miezi 11, na wakati wa utafutaji ndiye aliyeidhinisha fedha zote za kamati. Bodi inataka kumshukuru hadharani kwenye hafla. Wengine wanasema itakuwa kejeli. – Mhadhiri, Morogoro

Swali hili ni gumu kuliko yote tuliyopokea, na jibu linategemea kama mtu huyo ameshazungumziwa faraghani. Bila mazungumzo hayo, shukrani ya jukwaani ni kejeli kweli, hata ikisemwa kwa nia njema.

Ana nafasi mbili na kila moja ina shukrani yake. Kama mwombaji anastahili kile kinachostahili waombaji wengine wa hatua ya mwisho: kuambiwa ana kwa ana na mwenyekiti, kabla ya tangazo, ofisini kwake au nyumbani, si kwa simu, kwa kuwa yupo hapohapo. Shukrani hiyo ni ya siri na ibaki ya siri. Kama kaimu anastahili shukrani ya wazi kwa miezi 11 ya kazi. Kinachoharibu ni kuchanganya hizo mbili, kama yule mshereheshaji anayesema "ingawa bahati haikuwa yake, tumpigie makofi". Sentensi hiyo inamtoa mtu nguo mbele ya wanafunzi wake.

Kwenye hafla, taja mambo yaliyofanyika chini yake, yenye hesabu: jengo lililokamilika, ithibati iliyohuishwa, mishahara iliyotoka kwa wakati, udahili. Mambo mawili yanatosha. Usitaje utafutaji kabisa katika sentensi inayomhusu yeye. Usimweke kwenye orodha ya waliosaidia kumpata mkuu mpya, hata kama kweli alisaini hundi, kwa sababu kila aliyemo ukumbini anajua alikuwa anaisainia kamati iliyomhoji. Muulize mapema kama atahudhuria na kama angependa kuzungumza. Akisema hapana, heshimu, na usitume ujumbe wa kumbembeleza.

Halafu kuna jambo la maandishi, ambalo bodi nyingi huliacha. Barua ya kumshukuru kaimu iseme tarehe aliyoanza, tarehe anayokabidhi, na anarudi kwenye cheo gani na kwa masharti gani. Mtu aliyekaimu muda mrefu hubaki na maswali ya posho ya kukaimu, nyumba na gari. Barua yenye sifa tele huku madai yake yamekaa mezani kwa mhasibu haimsaidii. Lipeni kwanza, au angalau andikeni tarehe ya kulipa.

Mkuu mpya naye amshukuru, lakini baadaye, wiki ya kwanza ya kazi, baada ya makabidhiano, na amshukuru kwa jambo alilolikuta limewekwa sawa.

Mkuu wetu mpya amesema anataka kuwanunulia wanakamati kila mmoja zawadi kwa fedha zake. Kuna ubaya? – Mwanza

Upo. Zawadi kutoka kwa aliyepata kazi kwenda kwa waliompendekeza inaonekana kama malipo, na haijalishi kama ni kanga au gari. Mshaurini aache. Chuo chenyewe kinaweza kutoa cheti, au chakula cha mchana cha pamoja ambacho mkuu mpya anakuja kama mgeni, hakilipii. Posho za vikao ambazo hazijalipwa zimalizwe kabla ya chakula hicho, la sivyo ndizo zitakazozungumzwa mezani.

Kwa wasomaji wa Marekani, kadi za zawadi za madukani ambazo mwajiri huwagawia wafanyakazi huhesabiwa na mamlaka ya kodi kama mshahara, hata ikiwa ya dola 20. Anayezitoa kwa wafanyakazi ajue kwamba ofisi ya mishahara itabidi izikate kodi.

Nilikuwa mwakilishi wa wanafunzi kwenye kamati. Naweza kuliandika hilo kwenye wasifu wangu wa kuombea kazi? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

Ndiyo, baada ya tangazo rasmi. Andika nafasi, miezi na kazi ("nilishiriki kusoma maombi na kuhoji waombaji"), usiandike nani na wangapi. Omba barua yenye tarehe na saini sasa hivi. Mwenyekiti akimaliza muda wake mwaka ujao, mrithi wake hatakuwa na la kuandika. Na kwa wenye vyuo: mwanafunzi ndiye pekee kwenye kamati ambaye hana mshahara wala faili la kupandishwa cheo. Barua yake iwe ndefu kuliko ya profesa.

Nimeteuliwa kuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nianze kumshukuru nani, na kamati niiandikie? – Kigoma

Hongera. Anza na wadhamini wako, wale watu watatu au wanne ulioandika majina yao kwenye maombi. Wapigie siku ileile unaposaini, kwa sababu wao walibeba siri yako na walijibu simu za kamati, na wakikusikia kwenye taarifa ya habari wataona wamesahauliwa na mtu waliyempandisha ngazi. Barua zao ziandike mwenyewe, ndani ya wiki mbili.

Wa pili ni mwajiri unayemwacha. Barua yako ya kujiuzulu si barua ya shukrani, andika mbili tofauti. Utarudi kwake kuomba uthibitisho wa pensheni, likizo na madeni.

Kamati usiiandikie mtu mmoja mmoja. Hujui nani alikuunga mkono, na ukidhani unajua, mara nyingi unakosea. Barua ya joto kwa mmoja na ya baridi kwa mwingine itasambaa kabla hujaripoti. Andika barua moja kwa mwenyekiti, umwombe aifikishe kwa wote. Mshukuru kwa muda wao na kwa namna zoezi lilivyoendeshwa. Usiandike "sitawaangusha mlioniamini". Wewe sasa ni kiongozi wao wote, na wiki ijayo huenda ukatakiwa kukataa ombi la mmoja wao. Kwa sababu hiyohiyo, usiahidi chochote ndani ya barua hiyo, hata ukarabati wa choo.

Jihadhari pia na yule anayekuja kukunong'oneza kwamba yeye ndiye aliyekupigania kwenye kikao. Mwambie "asante kwa kazi ya kamati" na ugeuze mazungumzo. Ama anavunja siri, ama anasema uongo.

Kwenye hafla ya kumkaribisha mkuu mpya nimepewa dakika za kutoa shukrani. Niseme kwa muda gani, na majina mangapi? – Mshereheshaji, Unguja

Dakika nne, si zaidi, maneno 400 hivi kwa mwendo wa kutulia. Majina yasizidi matano, wengine wataje kwa makundi ya kazi zao, nao wasimame. Ukianza kusoma majina 30, mtu wa 31 yumo ukumbini. Maneno "itifaki imezingatiwa" yanakuokoa na vyeo vya wageni rasmi, lakini hayamwokoi mpishi uliyemruka. Karatasi yako aisome mtu mwingine kabla, hasa matamshi ya majina ya wageni na cheo cha sasa cha kila mtu, maana baada ya uteuzi vyeo hubadilika ndani ya wiki.

Kamati ilivunjwa mwezi uliopita, ila kundi letu la WhatsApp bado lipo. Watu wanapongezana, wanatuma picha, na juu kabisa bado kuna wasifu wa waombaji. Tulifunge? Wenzangu wanaona nawakatia udugu. – Mjumbe, Arusha

Lifungeni wiki hii. Wasifu wa waombaji wenye namba za simu, anwani na mishahara yao upo sasa kwenye simu za watu wote wa kundi, na kwenye nakala zilizohifadhiwa mtandaoni za kila simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa, na lengo lenu limekwisha.

Mwenyekiti aandike ujumbe mmoja wa shukrani, awape siku mbili, kisha kazi ifanyike kwa hatua. Kila mjumbe afute nyaraka kwenye simu yake, pamoja na zilizojihifadhi kwenye sehemu ya picha na mafaili, maana kufuta mazungumzo peke yake kunaweza kuziacha huko. Afute pia zilizopakuliwa kwenye kompyuta ya ofisi. Katibu abaki na seti moja tu, ya karatasi au ya kielektroniki, kwa muda uliowekwa na kanuni za kumbukumbu za chuo, hasa ikiwa kuna uwezekano wa rufaa. Kisha msimamizi wa kundi awaondoe wajumbe mmoja mmoja na ajitoe mwisho. Akijitoa yeye kwanza, kundi litaendelea kuwepo na msimamizi mwingine.

Wanaotaka udugu uendelee wafungue kundi jipya, lenye jina lingine, lisilo na faili hata moja.